Mkanda Uliopita Ukutani

Jenereta ilianza kulia wakati mshereheshaji anawataja wajomba. Tulikuwa kwenye ukumbi mmoja kule Nyegezi, alasiri, kwenye sendofu ya kitinda mimba wa rafiki yangu Kabula. Umeme ulikuwa umekatika hata kabla keki haijaingia, kwa hiyo muziki, kipaza sauti na feni zote zilikuwa zinaitegemea jenereta iliyowekwa nyuma ya jiko. Sauti yake ikapanda, nyembamba na kali, ikashuka, ikapanda tena. Wageni walidhani ni spika, wakamgeukia mpiga muziki kwa lawama. Mimi niligeukia dirisha la nyuma, na kule mbele, mezani kwa wazazi, ndani ya gauni la kitenge lililombana mpaka akawa anapumua kwa awamu, Kabula naye alikuwa amegeukia dirisha lile lile. Tukatazamana juu ya vichwa vya watu. Ni karibu miaka thelathini tangu tuiache ile kazi, yeye akawa mama wa watoto wanne na mimi nikawa mama mwenye duka la vipuri, lakini shingo zetu hazikuwa zimesahau. Mkanda wa jenereta ulikuwa umelegea.

Nilifurahi kuona amegeuka, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa hageuki kwa lolote. Tulipokuwa chumbani kwake, shangazi mmoja akimfunga kilemba, nilimkumbusha kwamba binti akiingia ukumbini kigelegele cha kwanza ni cha mama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na picha ya marehemu mumewe, Mwalimu Simoni, imeegemezwa kwenye kioo. Aliniambia bila kutoa chozi, "Kigelegele nilimzika nacho, Leti. Pigeni nyie." Hatukubishana naye. Binti alipoingia tulipiga sisi, dada zake na mawifi na mimi, tena tulipiga vizuri tu, na binti akatabasamu, ila nilimwona anamtafuta mama yake kwa macho. Mtu asiyemjua Kabula angesema hilo ni jambo dogo, mama ana huzuni, mwacheni. Mimi ninayejua kigelegele kile kilitoka wapi na kiliwahi kuokoa nini, nilikaa na sahani yangu ya pilau bila kuigusa, jambo ambalo kwangu si la kawaida hata kidogo.

Mwaka tulioanza ile kazi ni ule ambao sukari ilikuwa imezoeleka tena madukani, mitumba imetapakaa mpaka vichochoroni, na kila mwenye ng'ombe wawili watatu anawauza anunue kitu kinachozunguka: basi dogo, cherehani, mashine ya kusaga. Ma Anastela, mama wa Kihaya aliyekuwa amefanya biashara ya ndizi kwa meli kutoka Bukoba kwa muda mrefu, aliachana na ndizi, akauza na kibanda chake cha sokoni, akanunua injini ya dizeli iliyokwisha kutumika pamoja na kinu chake, akavifunga katika nyumba ya matofali ya udongo chini ya mawe ya Butimba. Alituajiri wawili. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sijui kinachofuata, na Kabula alikuwa binti wa mpiga ngoma kutoka upande wa Magu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mimi kazi yangu kupokea madebe ya mahindi, Kabula kumimina. Injini ilikuwa na fundi wake, bwana mkimya aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye jua la saa saba. Kabla mavuno hayajaanza, fundi akasikia habari za dhahabu ya Geita, akaondoka na spana yetu moja, hatukumwona tena. Ma Anastela alitutazama sisi wawili, akaitazama injini, akatutazama tena. Akauliza, kwani injini inadai sharubu? Ndivyo tulivyopandishwa cheo.

Naikumbuka ile nyumba kuliko nyumba zote nilizowahi kuishi. Ilikuwa na vyumba viwili na kijumba cha nyuma tulimolala. Chumba cha injini kilikuwa cheusi chote, kuta, dari, mpaka utando wa buibui ulikuwa mweusi kwa moshi na mafuta. Chumba cha kinu kilikuwa cheupe chote kwa unga. Katikati palisimama ukuta mnene ili moshi usiuingilie unga, na kwenye ukuta huo palikuwa na tundu refu, jembamba, ambalo mkanda ulipita kutoka puli ya injini huku hadi puli ya kinu kule. Mimi nilikaa kwenye weusi, Kabula kwenye weupe, na jioni tulipokuwa tunaoga ziwani watoto walitucheka kwamba mmoja ametoka jikoni na mwingine ametoka kaburini. Injini ikinguruma hakuna aliyemsikia mwenzake. Ikizimwa, lile tundu linakuwa dirisha. Nikikaa chini na kitambaa changu cha kufutia mikono, nilisikia kila neno la kina mama waliokuwa kwenye foleni upande wa pili: nani amenunua televisheni na hana umeme, nani ameacha chama kimoja akaingia kingine kwa sababu ya fulana, kwa nini siku hizi minofu ya sangara inapanda ndege na sisi tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa yake. Kabula alikuwa anajibizana nao. Mimi nilikuwa nasikiliza tu, na nadhani nilijifunza mji wa Mwanza wote kupitia upenyo ule usiotosha mkono.

Mapanki yenyewe tuliyala kwa furaha, lazima niseme. Kabula aliyachemsha na nyanya na pilipili hapo hapo nje ya mlango, tukayala kwa ugali wa dona uliotoka kinuni bado una joto lake. Siku nyingine ilikuwa matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa na chai ya rangi, na siku Ma Anastela alipokuwa na moyo mweupe, ndizi zilizopikwa na maharage, akisimama juu yetu kuhakikisha hatuzili kwa kijiko. Tatizo la mwanzo mwanzo lilikuwa kwamba ugali wetu ulikuwa na chenga. Ulisikika chini ya meno. Fundi wa kofia ya sufu alikuwa ameuacha mkanda umelegea tangu siku nyingi, kwa hiyo injini ilizunguka kwa nguvu zote, mkanda ukateleza juu ya puli, na kinu kikazunguka kivivu. Na kila ulipoteleza ulilia. Ulikuwa mlio wa kutoboa masikio, unaanza mahindi yanapomiminwa na kinu kinapolemewa, unapanda juu kwenye mawe na kurudi. Sisi tuliuchukia. Usiku masikio yetu yaliendelea kuusikia.

Kurekebisha mkanda ule ilikuwa kazi ya watu wawili, na nitaieleza kwa sababu bila hiyo hadithi haiendi. Injini ilikaa juu ya reli mbili za chuma. Unaizima kwanza, unasubiri gurudumu lisimame kabisa, unalegeza bolti zinazoishikilia, halafu unakaza bolti mbili ndefu za nyuma, moja kidogo na nyingine kidogo, injini inavutika taratibu kuelekea nyuma na mkanda unanyooka. Ukikaza upande mmoja kuliko mwingine, mkanda unakwenda kombo na kujila pembeni. Lakini mwenye spana yuko chumba cheusi, na katikati ya mkanda, pale panapotakiwa kubonyezwa ili kujua umenyooka kiasi gani, palikuwa upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo mimi nakaza bila kuona, Kabula anabonyeza bila kukaza. Tukawa tunapiga kelele kwenye tundu. Kaza. Acha. Rudisha. Kidogo. Nimesema kidogo, wewe Leti vipi.

Mara ya kwanza tuliharibu, na tuliharibu kwa namna ambayo ni binti wa mpiga ngoma tu angeweza kuiharibu. Kabula aliujua mvutano wa ngozi. Tangu utotoni alikuwa ameona baba yake akiipasha ngoma motoni, akiigonga kwa kidole, akiipasha tena mpaka itoe sauti kavu inayomridhisha. Basi akaupima mkanda vivyo hivyo. Aliugonga kwa ukucha na kuniambia bado, nikakaza, akagonga, bado, nikakaza mpaka spana ikaniumiza kiganja, na mwisho mkanda ukajibu kwa sauti ya juu na yeye akacheka kwa furaha kwamba sasa ngoma imeiva. Tuliwasha. Hapakuwa na mlio hata kidogo. Tulikuwa tunajipongeza kwenye tundu wakati harufu ilipoanza kutoka kwenye kinu, harufu ya girisi inayoungua, na mpaka nimeizima injini beringi ilikuwa ya moto kiasi kwamba tone la maji liliruka juu yake. Mkanda uliokazwa kupita kiasi ulikuwa umeivuta beringi upande mmoja mpaka ikafa.

Ma Anastela hakutufokea. Alitutuma mjini kununua beringi nyingine kwa Mzee Jafari, mzee wa Kiislamu mwenye duka la vipuri, ambaye babu yake alikuwa na duka hapo hapo alipokaa yeye, na ambaye hakuuza kitu mpaka aambiwe kisa chake. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akaigeuza beringi yetu iliyoungua mkononi na kuuliza nani amefunga mkanda kama anamfunga mbuzi mwizi. Tukaeleza habari ya ngoma. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu alichukua mkanda mmoja uliotundikwa ukutani, akaupitisha kwenye vigingi viwili vya kutundikia bidhaa, akaushika mkono wa Kabula na kukiweka kidole gumba chake katikati. Alisema mkanda si ngoma wala si kamba ya kurukia. Ubonyeze. Ukizama kiasi cha upana wa gumba lako, acha. Ukizama zaidi unateleza, ukikataa kuzama unaua beringi. Tena akatuonya kwamba mkanda unaolia ni mkanda unaoliwa, ipo siku utakatika na utachagua siku yenye watu wengi. Kabula alibonyeza ule mkanda wa dukani tena na tena, amefumba macho, na nilijua amekwisha kuuelewa kwa sababu alikuwa amenyamaza.

Tulirudi, tukafunga beringi, tukakaza kwa gumba. Jamani, ule unga. Ulitoka laini, baridi, hauna chenga, na ugali wa siku ile tuliula kimya kwa heshima. Injini ilikuwa inadunda polepole, mkanda unapita ukutani bila neno, na mimi nilikaa kwenye chumba changu cheusi nikajisikia kwamba hatimaye kuna kitu duniani nimekitengeneza kwa mikono yangu na kinakwenda. Sikuwa nimewahi kujisikia hivyo shuleni. Tukasubiri wateja waje waone. Kesho yake walikuja wachache. Siku iliyofuata walipungua. Wiki ikaisha tunapiga miayo, na Kabula akaanza kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Jibu lilikuja kupitia tundu. Nilikuwa nimezima injini niongeze mafuta, nikamsikia Bibi Nkwimba akiongea upande wa pili. Huyu alikuwa mama mtu mzima aliyeishi juu kabisa kwenye mawe, mdomo wake ni gazeti la kilima, na siku hiyo alikuwa anapita kwenda ziwani tu, hana mzigo. Alimpa Kabula pole. Kabula akauliza pole ya nini, naye akasema pole ya mashine kufa, kilima kizima kimesikitika, sasa wanapeleka mahindi mashine ya kule barabarani ingawa ni mbali. Kabula akamwambia mashine haijafa, ni nzima kuliko zamani. Bibi Nkwimba akamjibu kwa upole, kama mtu anayemfariji mfiwa. "Mjukuu wangu, mashine nzima inalia. Yenu tulikuwa tunaisikia mpaka kitandani."

Ndipo tulipoelewa. Kule juu, mdundo wa injini yetu ulipotea katikati ya midundo mingine, mashine ya barafu kule ufukweni, mashine ya barabarani, upepo wa ziwa. Kilichowafikia ulikuwa mlio wa mkanda peke yake. Hakuna mwanamke anayeteremka yale mawe na debe kichwani kwa kubahatisha, anasikiliza kwanza. Wakisikia kilio wanajua tunasaga, wanateremka. Tena wengine waliamini kwamba kile kilio ndizo nguvu zenyewe, na kadiri mashine inavyopiga kelele ndivyo inavyosaga. Sisi tuliponyamazisha mkanda tulikuwa tumejifungia duka bila kujua.

Ma Anastela alipoelezwa hakufikiri mara mbili. Alisema tuulegeze. Mimi nikamkumbusha maneno ya Mzee Jafari, akasema Jafari anauza vipuri, yeye anauza usagaji, na mteja haji kwenye unga asiojua kama upo. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Kila Jumapili baada ya ibada, bwana mmoja wa Ilemela aitwaye Lukasi alipitia pale, akasimama mbele ya injini na kuizunguka kama anayechagua mtamba, akauliza hali ya biashara kwa sauti ya huruma. Aliitaka injini kwa ajili ya mradi wake wa barafu. Ma Anastela alikuwa ametuambia wazi: mvua za vuli zikikuta hali ni hii, anamwachia Lukasi injini yake, anarudi kwenye ndizi, na sisi kila mmoja arudi alikotoka. Kwake ilikuwa aibu ya mama mzima aliyeuza kibanda cha uhakika kwa ndoto. Kwangu ilikuwa kurudi kukaa kwenye kiti cha nje, nikiulizwa na kila apitaye nafanya nini siku hizi. Tukaulegeza mkanda. Ukalia, kina mama wakateremka, chenga zikarudi, na mimi nikawa naziba masikio, si kwa sababu ya kelele, bali kwa sababu nilijua unaliwa.

Ulikatika Jumamosi, foleni imefika mpaka kwenye jiwe kubwa. Ulipiga ukuta kishindo, injini ikaruka mbio na mimi nikairukia kuizima. Unga wa watu ulibaki nusu kinuni. Ma Anastela aliingia chumba cheusi kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi, na kitenge chake kizuri, akaokota kipande cha mkanda, akakinusa. Kilikuwa kimeungua upande wa ndani, kimekakamaa na kung'aa. Kisha akasema, "Basi. Huyu tulikuwa tunamchinja ili tusikie sauti yake." Akatoka kwenda kwa Jafari mwenyewe.

Mkanda mpya una tabia zake. Siku za mwanzo unavutika, leo umeukaza sawasawa, kesho asubuhi umezama tena, unataka kukazwa upya mpaka uzoee. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tulikuwa kwenye kazi yetu, mimi na spana huku, Kabula na gumba lake kule. Siku ya kwanza ilikuwa ngumu. Tulikuwa tumelala vibaya, Ma Anastela amesimama mlangoni, vuli iko karibu, na hatukujua kama kuna mtu atakayeteremka. Nikakaza kidogo, nikakaza upande wa pili kidogo. Kabula akasema bado. Nikakaza robo ya mzunguko. Kimya. Nikamuuliza vipi. Alipiga kigelegele. Baadaye nilipomuuliza kwa nini, alisema gumba lilizama pale pale alipotaka, na kwao jambo likikaa sawa haliachwi lipite hivi hivi. Sijasikia tena kigelegele cha namna ile. Kilikuwa kirefu, kinapanda hatua kwa hatua na kukatikia juu, sio kushuka kama vya wengine, na kwa kuwa chumba kilikuwa kitupu na mlango uko wazi, kilitoka nje, kikagonga mawe, kikapanda kilima chote. Ma Anastela alishtuka mpaka akashika ukuta. Nikawasha injini nikiwa nacheka.

Haikupita muda Bibi Nkwimba akaonekana kwenye njia ya mawe, mbio mbio, na wenzake wawili nyuma yake. Walikuja kuuliza nani amejifungua, au ni posa. Hawakukuta mtoto wala posa, walikuta mashine inasaga na unga unatoka laini. Bibi Nkwimba aliuchukua kwenye kiganja, akausugua kwa vidole, akaonja, akamtazama Kabula kwa jicho la mashaka, halafu akapanda kuchukua mahindi yake. Kesho yake tulikaza tena, gumba likazama pale pale, Kabula akapiga tena. Siku ya tatu Ma Anastela, mfanyabiashara yule, ndiye aliyekuja kutuhimiza: mmeshakaza? Mbona sijasikia? Kabla mwezi haujaisha kilima kilikuwa kimejipangia kanuni yake. Kigelegele cha Kabula kikisikika, mashine ni nzima na mkanda umepimwa, teremkeni. Hata mkanda ulipokwisha kuvutika na hauhitaji kukazwa kila siku, tuliendelea kuupima kila asubuhi, kwa sababu Kabula alikataa kupiga kigelegele cha uongo. Alisema lazima gumba liguse kwanza. Na Mzee Jafari alipopata habari, akawa anawaambia wanunuzi wake wote kwamba kule Butimba kuna mashine inayoshangiliwa kila asubuhi kama bibi harusi.

Chuo cha ualimu hakikuwa mbali. Asubuhi moja alitokea kijana mrefu, mwanachuo, ameshika debe lisilofika hata nusu ya mahindi, na kwa kweli debe lenyewe alikuwa ameliazima. Mimi nilikuwa nimezima injini nafuta mikono, kwa hiyo nilisikia yote. Aliwasalimia kina mama wote mmoja mmoja, shikamoo baada ya shikamoo, mpaka akafika kwa Kabula ambaye hakustahili shikamoo, akalihamisha debe kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Foleni nzima ilinyamaza kumsaidia. Mwisho akasema, "Nimekuja kuuliza, hapa kuna harusi gani isiyokwisha?" Kabula akamjibu kwamba harusi ni ya mkanda, na kama amekuja na zawadi aimimine pale. Nilikaa chini kwenye sakafu yangu ya mafuta nikacheka mpaka machozi yakanichora mistari usoni. Huyo ndiye Simoni, na alirudi wiki ile ile, na ile iliyofuata, daima na nusu debe, na Bibi Nkwimba akasema wazi kwamba kijana huyu ama anafuga kuku wengi ama ana ugonjwa mwingine.

Vuli ilipopiga, Lukasi wa Ilemela alikuja kama kawaida yake baada ya ibada. Ma Anastela alimkaribisha vizuri, akamkalisha kwenye kigoda uani, akampakulia ndizi na mapanki. Alipomaliza kula na kunawa, akauliza kuhusu injini. Ma Anastela akamwambia injini haiuzwi, lakini akitaka kusaga anakaribishwa, asikilize tu kigelegele. Tuliokuwa nyuma ya mlango tulibanana midomo kwa mikono. Mvua ilianza kunyesha juu ya bati, Lukasi akashindwa kuondoka, na ilibidi akae na sisi alasiri nzima akisimuliwa habari za mikanda, na mwisho naye akacheka. Huo ndio mwaka wangu. Watu wengine ujana wao ulikuwa shule au mapenzi. Wangu ulikuwa chumba cheusi chenye tundu, na upande wa pili wa tundu rafiki niliyemwamini kwa kitu nisichoweza kukiona.

Basi pale Nyegezi, jenereta ikilia, nilimwona Kabula anainuka kwenye meza ya wazazi, mwanamke mzima wa heshima, akawapita mawifi na wabeba sahani na kutokea mlango wa jikoni. Nikamfuata. Nyuma, mwenye jenereta, bwana mwenye kitambi, alikuwa amesimama akiitazama na soda mkononi, akatuambia, msijali mama zangu, ndivyo inavyolia ikiwa na nguvu. Tuliangalia pembeni tusimcheke. Nikamwomba aizime kwanza. Alisita, ukumbi mzima utakosa muziki, lakini Kabula alimtazama na akazima. Muziki ukakatika, mshereheshaji akakatika katikati ya jina la mjomba wa tatu, kukawa kimya kabisa. Nikaomba spana. Nikalegeza nati, nikachomeka chuma cha kuuvutia mkanda, na Kabula akapandisha mikono ya gauni, akaweka gumba katikati ya mkanda kwa tahadhari. Akasema bado. Nikavuta kidogo. Bado. Nikavuta tena na kukaza nati, mafuta yakinidondokea kwenye viatu vya sherehe, na nikasubiri nimeinama, simwoni uso wake, kama zamani.

Kimya. Nikamuuliza vipi.

Nadhani hakukusudia. Baadaye aliapa kwamba gumba ndilo lililozama na mdomo ukafunguka wenyewe. Kilitoka kirefu vile vile, kimekwaruza kidogo kwa umri, kikapanda hatua kwa hatua na kukatikia juu, kikaingia ukumbini ambamo hapakuwa na sauti nyingine yoyote. Alijiziba mdomo kwa mkono wenye girisi. Halafu akaanza kulia na kucheka pamoja, na mimi nikalia naye, na mwenye jenereta akaweka soda yake chini asijue amefanya kosa gani. Ndani tulisikia viti vinasogezwa. Binti alikuwa ametokea mlango wa jikoni, gauni lake ameliinua kwa mikono miwili, anamtafuta mama yake, na safari hii alimpata.

Nyuma yake, dirishani, alikuwa amekaa Bibi Nkwimba, amezeeka sana, macho yamekwisha kumtupa mkono, ameletwa na wajukuu na kuwekwa kwenye kiti laini. Alikuwa amesinzia tangu sala ya ufunguzi. Sasa alikuwa amekaa wima, sikio amelitega nje, na anampapasa mjukuu wake bega.

"Inukeni," alisema. "Teremsheni mahindi, wasichana wameshawasha."